Usalama wa Wachimbaji Mashimoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachimbaji wa Uganda

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wachimbaji wadogo, wenye mashimo na jamaa zao huuliza mara nyingi katika maeneo ya dhahabu ya Busia, Namayingo, Kassanda, Buhweju na Karamoja. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeshuka shimoni kwa kamba, na vilevile kwa ajili ya yule anayebaki juu akiishika kamba hiyo, maana uhai wa aliye chini huamuliwa kwa sehemu kubwa na walio juu, tena kabla hajashuka.

Ni nini hasa kinachowaua watu shimoni?

Wengi hujibu haraka kwamba ni udongo kuporomoka, na ni kweli kwamba maporomoko huua. Hata hivyo, wapo wanaokufa kwa kukosa hewa, kwa kufunikwa na maji, kwa kuanguka kutoka mdomoni mwa shimo, kwa kuangukiwa na jiwe au ndoo, na kwa baruti. Hewa mbaya ndiyo inayotutia hofu zaidi, kwa sababu haionekani, mara nyingi hainuki, na mtu aliyeanza kulegezwa nayo huwa hana tena akili timamu ya kutambua kwamba analegea.

Kuhusu maporomoko, watu hudhani kwamba aliyefukiwa hadi kifuani huku kichwa kikiwa nje yuko salama na anaweza kungoja. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Kila anapotoa pumzi, udongo hushuka na kubana zaidi, na kifua hukosa nafasi ya kupanuka. Mtu wa namna hiyo hufa kwa kukosa pumzi ilhali uso wake uko hewani.

Nitajuaje kama hewa ya chini inafaa kuvutwa?

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, wataalamu wa usalama huihesabu kuwa ni ya hatari. Ikifika karibu na asilimia 10, mtu anaweza kuzimia bila hata kuita. Oksijeni hupungua shimoni kwa sababu wachimbaji wenyewe wanaivuta, kwa sababu miti iliyooza na baadhi ya miamba huila polepole, na kwa sababu gesi nyingine huingia na kuchukua nafasi yake. Kaboni dioksaidi, kwa mfano, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia chini kama maji yanavyotulia kisimani. Ndiyo maana shimo lililolala siku mbili tatu bila kazi linaweza kumuua mtu aliyelichimba kwa miezi mingi bila kuumwa hata kichwa.

Njia ya kuaminika ni kipima gesi, kifaa kidogo cha mkononi kinachopima oksijeni, kaboni monoksaidi, hidrojeni salfaidi na gesi zinazoweza kulipuka. Kifungwe kwenye kamba na kushushwa polepole, kikisimamishwa juu, katikati na chini kabisa, kila mahali kwa dakika moja au mbili, ili kipate muda wa kusoma. Mtu asishuke na kifaa mkononi ili akapime akiwa huko huko chini. Kupima kufanyike kila asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kushuka, baada ya kila mapumziko marefu, na tena baada ya mlipuko. Kifaa hiki kina gharama, hatukatai, lakini chama cha wachimbaji wenye mashimo kumi wanaweza kununua kimoja na kukizungusha.

Mshumaa au taa ya mafuta haitoshi? Wazee wetu waliitumia.

Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni inaposhuka kufikia takriban asilimia 16 au 17, kwa hiyo mshumaa uliozimika unakuambia ukweli: usishuke. Tatizo ni mshumaa unaoendelea kuwaka. Kaboni monoksaidi inaweza kuwa imejaa shimoni kwa kiasi cha kuua na mwali ukaendelea kuwaka kana kwamba hakuna neno. Tena penye gesi inayowaka, mshumaa wenyewe huwa kiberiti. Kama hamna kifaa kingine chochote, kuzimika kwake kuchukuliwe kuwa amri ya kutoshuka, lakini kuwaka kwake kusichukuliwe kamwe kuwa ruhusa ya kushuka.

Pua nayo haitoshi. Hidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani harufu imeondoka pamoja na gesi.

Tunaweza kushusha pampu ya petroli chini ili ivute maji vizuri zaidi?

Hapana. Pampu hushushwa kwa sababu mashine iliyoko juu haiwezi kunyonya maji kutoka kina kinachozidi mita saba au nane hivi. Hiyo ni tabia ya maumbile, wala si ubovu wa mashine. Lakini injini inayowaka ndani ya shimo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwendesha mashine anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, miguu inamwishia nguvu, na anakaa chini apumzike kidogo. Haamki.

Tumieni pampu ya umeme inayozamishwa, huku jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo wa shimo na upande ambao upepo hautarudisha moshi shimoni. Nyaya ziwe nzima, bila viungo vya kufungwa kwa mpira uliochakaa, na pawe na swichi inayokata umeme mara unapovuja, kwa kuwa mtu aliyesimama majini hahitaji umeme mwingi ili afe.

Mwenzetu amezimia chini. Tufanye nini?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na jibu lake ni gumu kwa moyo wa binadamu: msimfuate. Hadithi ya mashimo ya Afrika Mashariki ni ileile kila mara. Mmoja anaanguka, ndugu yake anashuka kumwokoa, naye anaanguka, wa tatu anashuka akiwa amezuia pumzi, na jioni zinatolewa maiti tatu mahali ambapo ingekuwa moja, au pengine isingekuwepo hata moja. Aliyeanguka ghafla bila kupigwa na kitu ameangushwa na hewa, na hewa hiyo haimjui mwokoaji. Kitambaa chenye maji usoni hakichuji gesi wala hakiongezi oksijeni. Barakoa ya vumbi pia haisaidii kitu hapo.

Fanyeni haya kwa haraka na kwa pamoja. Mmoja apige simu 999 au 112, amtafute mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) na wachimbaji wa jirani wenye vifaa. Wengine waanze kupeleka hewa chini mara moja kwa feni au mashine ya kusukuma upepo, wakitumia bomba pana la plastiki linalofika karibu na alipolala. Silinda ya oksijeni isifunguliwe shimoni, kwa sababu oksijeni ikizidi, cheche ndogo huwa moto mkubwa. Kama aliye chini amevaa mshipi wa usalama uliofungwa kamba hadi juu, mvuteni. Hii ndiyo sababu tunasisitiza kwamba kila anayeshuka afungwe kamba kabla hajashuka, isiwe kamba iliyowekwa pembeni kungojea ajali itokee. Ubongo huanza kuharibika baada ya kama dakika nne bila oksijeni, na hakuna kikosi cha uokoaji kitakachofika Namayingo au Rupa, kule Karamoja, ndani ya dakika nne.

Akifika juu, alazwe mahali penye hewa, na kama hapumui aanze kupewa msaada wa kupumua na kubonyezwa kifua bila kungoja gari. Watu wawili katika kila kundi wanapaswa kuwa wamefundishwa kazi hiyo. Haisomwi siku ya msiba.

Ikiwa mtu amebanwa na jiwe au udongo kwa zaidi ya saa moja, mwiteni mganga wa kituo cha afya aje kabla hamjamnasua, kama inawezekana. Misuli iliyobanwa muda mrefu hukusanya sumu, na jiwe linapoondolewa sumu hiyo hukimbilia moyoni. Mtu aliyekuwa anazungumza anaweza kufa dakika chache baada ya kuokolewa. Mganga humtundikia maji ya mshipa kwanza.

Na msikate tamaa mapema kwa walionaswa nyuma ya kifusi. Mwaka 2010 wachimbaji 33 walitolewa wazima nchini Chile baada ya siku 69 chini ya ardhi, na mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, Tanzania, wachimbaji wadogo watano walikutwa hai baada ya siku 41, wakati watu wa nyumbani walikuwa wameshawalilia.

Matimba yawekwe vipi, na ni miti gani inayofaa?

Matimba, yaani miti inayozuia kuta na dari, huwekwa kadiri mnavyoendelea kuchimba. Kuchimba mita tano kwanza na kurudi kuweka miti baadaye ni kumwacha mtu chini ya udongo usioshikwa na kitu, tena kwa muda ule ule ambao udongo ndio kwanza umesumbuliwa. Mikalitusi ndiyo inayotumika sana kwa sababu imenyooka na hukua upesi, lakini ikiwa mibichi huoza na huliwa na mchwa, hivyo ikaguliwe kila wiki kwa kuchomwa na ncha ya panga, na ule unaoingia kama ndizi ubadilishwe siku hiyo hiyo. Mti una sifa moja njema: hulia kabla haujavunjika. Mlio huo ukisikika, watu watoke wote. Chungu la mawe lililobaki chini litachukuliwa siku nyingine.

Katika udongo, shimo la mviringo hustahimili kuliko la pembe nne, kwa kuwa kuta zake husukumana zenyewe kwa zenyewe. Katika mwamba, dari hugongwa kwa mtaimbo kabla ya kazi kuanza: mwamba mzima hulia kwa sauti kali na safi, na mwamba ulioachana hutoa sauti ya ngoma. Penye sauti ya ngoma, jiwe liangushwe kwa mtaimbo mrefu na mtu aliyesimama mahali palipokwisha kukaguliwa. Udongo unaotolewa usirundikwe ukingoni. Upelekwe angalau mita mbili kutoka mdomoni, na ukiweza mbali zaidi, kwani rundo hilo husukuma ukuta wa shimo na vilevile humrushia mawe aliye chini.

Jambo jingine husahauliwa sana, nalo ni nafasi kati ya shimo na shimo. Watu wanapofuata mshipa mmoja wa dhahabu, kila mwenye shimo hupanua tundu lake chini bila kumwambia jirani, mpaka ardhi inayowatenganisha inakuwa nyembamba kama ukuta wa nyumba ya udongo. Ramani ya mkono, iliyochorwa kwenye daftari na kuonyesha kila shimo limeelekea wapi na kwa mita ngapi, imeokoa watu, na haigharimu chochote ila uaminifu.

Mvua ikinyesha, tuendelee?

Hapana, na si wakati wa mvua tu. Kusini mwa Uganda mvua kubwa huja Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, wakati Karamoja huwa na msimu mmoja mrefu wenye mafuriko ya ghafla kutoka milimani, ambapo maji hufika hata pale ambapo haijanyesha. Udongo ulioloa huwa mzito na hushikana kidogo, kwa hiyo maporomoko mengi hutokea siku moja au mbili baada ya mvua, jua likiwa linawaka na watu wakidhani mambo yametulia. Mwaka 1998, mvua kubwa zilijaza maji katika mashimo ya tanzanaiti ya Mererani, kaskazini mwa Tanzania, na wachimbaji wengi walizama, baadhi yao kwa sababu mashimo yalikuwa yameunganika chini na maji yaliyoingia kwa jirani yakawafikia.

Chimbeni mfereji kuzunguka mdomo wa shimo, inueni ukingo kwa mifuko ya udongo, na baada ya mvua kagueni kuta kwa mwanga mkali kutoka juu, mkitafuta nyufa mpya na maji yanayotoka mahali palipokuwa pakavu.

Kamba na winchi zikaguliwe mara ngapi?

Kila siku, kabla ya mtu wa kwanza kushuka, na mtu anayejulikana kwa jina. Kamba ya katani iliyoloa na kukauka mara nyingi huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Ifungue kidogo nyuzi zake utazame. Winchi iwe na breki au kizuizi cha meno kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma, na nguzo zake zisimame kwenye ardhi ngumu. Kamba ya kupandisha mawe isiwe ndiyo ya kupandisha watu. Ishara za kuvuta kamba, kwa mfano mara moja simama, mara mbili pandisha, mara tatu hatari, ziandikwe kwenye ubao mdomoni na zisibadilishwe kutoka shimo moja hadi jingine, kwa kuwa vijana huhama.

Anayeshika winchi asiondoke mtu akiwa chini, hata kwa kwenda kununua chapati, wala asiwe amekunywa.

Vipi kuhusu baruti?

Baruti si kazi ya kila mtu. Kuimiliki na kuilipua bila kibali ni kosa, na anayelipua anapaswa kuwa amefundishwa na kuruhusiwa. Baada ya mlipuko, moshi wake hubeba kaboni monoksaidi na oksaidi za nitrojeni zinazounguza mapafu polepole, kiasi kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani akijisikia vizuri na kushindwa kupumua usiku. Subirini angalau nusu saa, pulizeni hewa, pimeni, kisha dari igongwe. Tundu lenye baruti ambayo haikulipuka lisichokonolewe na mtu yeyote ila yule aliyelitega.

Nakohoa tangu nianze kuchimba. Je, ni kifua kikuu?

Huenda, na huenda ni silikosisi, ugonjwa unaoletwa na vumbi laini la mawe yenye silika, kama yale meupe ya kwatzi ambamo dhahabu hupatikana. Chembe zinazodhuru ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu yasiyopona. Mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine, ndiyo maana ni lazima kupimwa yote mawili, na umweleze mganga kwamba wewe ni mchimbaji. Kinga kubwa ni maji: lowesha mwamba kabla ya kutoboa, lowesha mawe kabla ya kuyaponda au kuyatia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kitambaa cha kufunga puani huzuia vumbi kubwa tu.

Zebaki nayo ni hatari ya shimoni?

Ni hatari ya juu ya ardhi, si ya shimoni, penye kuchenjulia dhahabu, ambapo zebaki hutumiwa kuinasa dhahabu kisha huchomwa, na kwa hiyo huwapata zaidi wanawake na watoto walioko karibu. Isichomwe jikoni wala karibu na mjamzito, kwani mvuke wake hufika kwa mtoto tumboni. Uganda imeridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza matumizi yake katika uchimbaji mdogo na, inapowezekana, kuyaondoa.

Watoto wanaweza kushuka kwa kuwa wao ni wembamba?

Hapana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza mtoto kupewa kazi ya hatari, na hakuna shimo lisilo la hatari. Tundu ambalo mtu mzima hapiti ni tundu ambalo mtu mzima hawezi kupita kwenda kumwokoa.

Ninaweza kukataa kushuka nikiona hatari?

Ndiyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali penye hatari iliyo karibu, na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi mshahara. Sheria ya Madini ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, imewatambua wachimbaji wadogo kabisa kwa leseni yao wenyewe, na hili lina uzito kwa usalama: mwenye leseni anaweza kuwaita wakaguzi wa Kurugenzi ya Utafiti wa Jiolojia na Migodi iliyoko Entebbe bila hofu ya kufukuzwa, lakini asiye nayo hujificha, na anayejificha huchimba usiku, bila mwanga na bila mtu wa kumsikia.

Tunajua kwamba haki iliyo kwenye karatasi ni nyepesi mbele ya msimamizi anayesema, "Kama hutaki, yuko mwingine." Kwa hiyo kataeni mkiwa kundi. Kundi la watu sita waliokubaliana tangu asubuhi kwamba hakuna anayeshuka kabla ya hewa kupimwa ni gumu kulibadilisha.

Mchimbaji akifa au kuumia, familia inapata nini?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri alipe fidia kwa ajali iliyotokea kazini, na kwa kifo kilichoacha wategemezi, kipimo chake ni mapato ya miezi 60. Ripoti ifikishwe kwa afisa kazi wa wilaya mapema, msiba usije ukapoza jambo. Tatizo la mashimo madogo ni kuthibitisha nani alikuwa mwajiri na malipo yalikuwa kiasi gani, hasa pale watu wanapogawana mifuko ya mawe badala ya mshahara. Daftari la mdomoni, linaloandika kila siku nani ameshuka, saa ngapi, kwa kazi ya nani, na ametoka saa ngapi, hufanya kazi mbili: jioni huonyesha kama kuna aliyebaki chini, na likitokea la kutokea huwa ushahidi wa mjane.

Hatuna fedha za vifaa vyote hivi. Tuanze na nini?

Anzeni na mtu mmoja mdomoni asiyeondoka, daftari, kamba ya usalama kwa kila anayeshuka, na feni yenye bomba la kupeleka hewa. Kisha unganisheni shimo la pili, ili hewa iingie huku na kutokea kule na pawe na njia ya pili ya kutoka. Kofia ngumu na viatu vifuate. Tumeweka kofia baadaye kwa makusudi, ingawa ndiyo inayoonekana kwenye picha, kwa kuwa haimsaidii mtu asiye na hewa.

Shimo likiisha dhahabu, tuliache wazi?

Lifukieni kwa udongo ule ule uliotoka humo, kuanzia siku mnayohama. Kama haiwezekani mara moja, lizungushieni uzio imara na mweke alama inayosomeka kwa lugha za mahali hapo, na mwenyekiti wa LC 1 aonyeshwe kila shimo lilipo. Matawi na mabati yaliyotandazwa juu ya mdomo ni mabaya kuliko kuliacha wazi, kwa sababu nyasi hufunika, na ng'ombe, au mtoto anayemfuata, hukanyaga akidhani ni ardhi. Aliyeuziwa au kupewa eneo lenye mashimo ya zamani aulize kwanza yako mangapi, na asimshushe mtu katika lolote kati ya hayo kabla hewa yake haijapimwa kwa kamba, kutoka juu hadi chini.